Saa Tupu za Ufukwe wa Mweru

Chisense huvuliwa gizani. Dagaa hao wa Ziwa Mweru, wadogo kuliko kidole, hufuata mwanga, na mvuvi huwaita kwa taa anayoiweka juu ya maji: zamani karabai ya mafuta ya taa, siku hizi taa ya betri. Mwezi ukiwa mwembamba, au usipoonekana kabisa, taa hiyo ndiyo nuru pekee ziwani na nyavu hupanda zikiwa nzito. Mwezi ukipevuka, uso wote wa maji hung'aa, taa hupoteza nguvu yake, na mitumbwi hubaki imepandishwa mchangani Kashikishi na kwenye mialo mingine ya wilaya ya Nchelenge. Kwa hiyo kila mwezi mvuvi ana majuma ya kukesha na kupata, kisha ana siku kadhaa za kukaa, mfukoni mkiwa bado na chochote.

Siku hizo za kukaa ndizo zinazomtia hofu mtu aliyeacha pombe juzijuzi. Akiwa kazini ana kamba mkononi, ana wenzake chomboni, na mchana ana usingizi wa kulipa. Mwezi ukipevuka anaamka na siku nzima mbele yake, hajui aanzie wapi. Miaka yote aliyokunywa, pombe ndiyo iliyompangia siku: ilimwonyesha pa kwenda akiamka, watu wa kukaa nao, mambo ya kuzungumza na saa ya kurudi nyumbani. Sasa ameiacha, na ratiba yote imeondoka nayo. Mazungumzo juu ya kupona uraibu hupenda kuanza na nia ya mtu na nguvu za moyo wake. Ukingoni mwa Mweru ni afadhali yaanze na saa hizi tupu, kwa kuwa ndizo zitakazoamua kama nia ile itadumu.

Nchelenge iko kaskazini mwa Mkoa wa Luapula, Zambia, upande wa mashariki wa ziwa lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 5,120. Mto Luapula huingia kusini. Maji hutokea kaskazini, karibu na mji wa Pweto, kwa jina la Luvua. Ng'ambo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Samaki wa hapa husafiri hadi miji ya migodi ya Copperbelt na hadi Lubumbashi, na kwa sababu hiyo fedha taslimu hufika ufukweni asubuhi moja na kwisha kabla ya juma kumalizika. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake Nachituti's Gift cha mwaka 2006, ameeleza jinsi mpumbu, samaki mkubwa aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, alivyovuliwa hadi akakaribia kutoweka katikati ya karne ya 20, na jinsi chisense walivyokuja kushika nafasi miongo iliyofuata, wanawake wengi wakipata mtaji wao humo. Watu wa ufukwe huu wamekwisha kulazimika kujifunza upya namna ya kuishi, na walijifunza.

Pombe yenyewe ina sura nyingi. Ipo katubi, pombe ya ulezi ambayo wazee huinywa kwa mirija kutoka chombo kimoja, wakiongeza maji ya moto na mazungumzo. Ipo Chibuku, pombe ya nafaka ya dukani. Ipo kachasu, pombe kali inayokenekwa majumbani, ambayo hakuna anayejua kwa hakika nguvu yake mpaka imemwingia. Na kwa miaka kadhaa zilikuwapo tujilijili, vifuko vidogo vya plastiki vyenye pombe kali, vya bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu na vya kufichika katika kiganja. Mwezi Aprili 2012 serikali ya Zambia ilipiga marufuku vifuko hivyo, na mwaka 2018 nchi ikapata sera yake ya taifa kuhusu pombe. Hatua hizo zilihitajika. Hata hivyo sheria hukomea dukani na barabarani. Haiingii katika alasiri ya mtu mmoja aliyeketi chini ya mwembe akisikiliza vicheko kutoka kwa jirani.

Kabla ya kusema zaidi juu ya tabia, mwili upewe haki yake. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka hapaswi kuacha kwa ghafla akiwa peke yake. Saa chache baada ya funda la mwisho huanza mtetemeko wa mikono, jasho na mapigo ya moyo ya haraka. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huingia katika hali ya kuweweseka, homa na kuona visivyokuwapo, hali inayoweza kuua. Dawa zipo, na si za ajabu: za kutuliza mishipa ya fahamu, maji ya kutosha, vitamini B1. Zinahitaji mhudumu wa afya wa kuzitoa kwa kipimo na kumwangalia mgonjwa usiku. Kashikishi kuna Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo. Chainama Hills, hospitali kuu ya magonjwa ya akili ya Zambia, iko Lusaka, mamia ya kilometa kutoka hapa. Familia inayomfungia ndugu chumbani ili pombe imtoke yenyewe inampenda, na inamhatarisha.

Baada ya juma moja au mawili mwili hutulia. Hapo ndugu hupumua, majirani hupongeza, na mhusika mwenyewe huamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe ubongo bado una kumbukumbu zake. Uraibu hufunga kinywaji na vitu vilivyokizunguka: mlio wa injini alfajiri mashua zinaporudi, noti za mnunuzi wa samaki, harufu ya moshi, njia ile ya kona inayopita kwa mama mwenye pipa la kachasu. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kimekuwa ishara, na ishara ikitokea, hamu hutangulia fikra. Rafiki akipaza sauti, "Mulamu (shemeji), pita basi uonje," miguu imekwisha kugeuka kabla kichwa hakijajibu. Ubongo huo unafanya tu kile ulichofunzwa kwa marudio elfu, na asiyelielewa hilo atamwita ndugu yake dhaifu bila haki.

Mfano unaojulikana sana unatoka vita vya Vietnam. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu kwamba maelfu ya askari wake wangerudi nyumbani wakiwa waraibu wa heroini. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia. Karibu askari mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu akiwa Vietnam, lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya hao waliorudia uraibu. Matokeo hayo yameelezwa kwa namna nyingi, na mojawapo ni hii: waliziacha ishara zao upande wa pili wa dunia. Kambi, joto, hofu, wenzao waliovuta nao, vyote vilibaki kule.

Mvuvi wa Kashikishi hana ndege ya kumpeleka mbali na mwalo wake. Ufukwe uleule uliomfunza kunywa ndio unaolipa ada ya watoto. Anayemwuzia nyavu ndiye aliyekuwa akimnunulia chupa. Anayekeneka kachasu huenda ni shangazi yake, mjane, ambaye kwa mapato hayo amesomesha wajukuu. Hilo la mwisho halisemwi vya kutosha. Kila mtu anayeacha pombe anapunguza mauzo ya mwanamke fulani mtaani, na wanawake hao hawakuchagua biashara hiyo kwa sababu wanapenda kuona watu wakianguka njiani. Walichagua kwa kuwa pipa na kuni ni mtaji mdogo kuliko wavu na injini. Mpango wa kuwasaidia walevi ambao haumpi mkenekaji njia ya kuingia katika biashara ya kukausha na kuuza chisense unamwachia yeye gharama yote ya kupona kwa wengine.

Basi, mtu asiyeweza kuhama afanye nini? Abadilishe kilichomo ndani ya saa.

Makanisa ya ufukweni yanalijua jambo hili kupitia mfano wa Injili ya Mathayo, wa pepo aliyemtoka mtu, akazunguka, kisha akarudi na kuikuta nyumba imefagiwa na kupambwa lakini haina mkaaji. Alirudi na wenzake saba. Wahubiri huutumia kuonya juu ya dhambi, na ukisomwa na mtu anayetoka kwenye uraibu unampa onyo lililo wazi zaidi: kufagia hakutoshi, lazima mtu au kitu kiingie kukaa.

Mwaka 1973, katika jimbo la Illinois, Marekani, wanasaikolojia George Hunt na Nathan Azrin walichapisha jaribio dogo lililohusu wagonjwa 16 wa ulevi. Wote walipata huduma ya kawaida ya hospitali. Nusu yao waliongezewa mambo mengine: walisaidiwa kutafuta kazi, walipatanishwa na wake zao na jamaa, na jengo moja likageuzwa klabu ya jioni yenye michezo, muziki na chakula bila pombe. Hao walioongezewa walikunywa kidogo kuliko wenzao, walifanya kazi siku nyingi zaidi na walikaa zaidi na familia zao. Idadi ilikuwa ndogo, na tafiti zilizofuata kwa miaka mingi zimeendelea kuunga mkono njia hiyo. Ndani ya jaribio lile palikuwa na fikra ambayo mvuvi yeyote angeielewa bila shule: watu wengi hunywa mahali ambapo jioni haina kingine cha kutoa.

Zanzibar ilifika penye fikra hiyo kwa njia yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana waliokuwa wamezama katika heroini walianza kuanzisha sobahausi, nyumba za kupona zinazoendeshwa na watu waliopona wenyewe. Suleiman Mauly ni miongoni mwa waanzilishi wanaojulikana sana. Anayeingia humo hukutana kwanza na ratiba. Kuamka, kutandika kitanda, kufagia, kuswali, kupika, kikao cha asubuhi, kazi, kikao cha jioni, kulala. Mgeni huiona kama jeshi. Mwenye miezi mitatu humo huanza kuona kilichokuwa kikijengwa: mtu ambaye kwa miaka alikuwa na kazi moja tu, ya kutafuta kete ya heroini, anajifunza tena kwamba siku ina vipande, na kila kipande kina jina lake.

Tanzania Bara, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni mwezi Februari 2011, ya kwanza ya serikali katika Afrika bara, kusini mwa Sahara. Mgonjwa hufika kila siku, humeza dozi yake mbele ya mhudumu, na maumivu ya kukosa heroini hukoma. Wengi wameokoka kwa njia hiyo. Hata hivyo, dozi humezwa kwa dakika moja, na baada yake mchana mzima hubaki, kijiweni kulekule, bila kazi. Wahudumu na wagonjwa wenyewe wamelizungumza hilo mara kwa mara: dawa imeshika mwili, sasa saa zishikwe na nini? Swali la Dar es Salaam na la Nchelenge ni moja, ingawa kilevi ni tofauti.

Muda wa kujenga tabia umepimwa. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walifuatilia watu 96 waliojaribu kuanzisha tabia moja ndogo kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, kula tunda au kukimbia kabla ya mlo wa jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tendo likaja lenyewe bila kusukumwa, lakini tofauti ilikuwa kubwa: wengine siku 18, wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Matendo mepesi yaliwahi, mazito yakachelewa. Na jambo lenye faraja ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi. Hao hawakuwa waraibu, na haifai kuwapa wanaopona ahadi ya siku 66. Wanachoweza kukichukua hapo ni subira, na ruhusa ya kuanza na kitu kidogo sana.

Ufukwe wa Mweru, kwa bahati, una mfano wake mkubwa wa tabia mpya iliyofaulu. Zambia ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bure katika vituo vya serikali katikati ya miaka ya 2000, na jamii za wavuvi zilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huo. Watu walioambiwa kwamba wanaoishi kwa kuhamahama kati ya kambi za uvuvi hawataweza kumeza kidonge saa ileile kila siku, wameweza. Walifunga kidonge na chakula cha jioni au na kipindi cha redio. Walimchagua mtu mmoja nyumbani wa kuwakumbusha. Walijiunga katika vikundi ambamo mmoja huenda kliniki kwa zamu kuwachukulia wenzake dawa, na baadaye utafiti mkubwa uliofanyika Malawi na Zambia ukaonyesha kwamba mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi sita kwa mara moja bila madhara. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyeambiwa atumie nguvu za moyo peke yake. Walipewa saa, mtu, mahali na sababu.

Vitu hivyo vinne vinahamishika. Mvuvi aliyeacha pombe akijua kwamba fedha za samaki hulipwa asubuhi na kwamba hatari yake iko kati ya malipo na chakula cha mchana, anaweza kukubaliana na mkewe kwamba mke ndiye atakayepokea malipo, au kwamba sehemu iingie moja kwa moja katika chilimba, mchezo wa kuchangiana ambao Wazambia wameuzoea sokoni na maofisini, au katika kikundi cha kuweka na kukopa. Noti ambayo imekwisha kuwa zamu ya mwenzako haikushawishi. Njia ya kurudi nyumbani inaweza kubadilishwa. Alasiri ya mwezi mpevu inaweza kuwa ya kushona nyavu pamoja na mtu asiyekunywa, ya mazoezi ya kwaya, ya mpira, ya kulima mihogo. Yote haya ni madogo, na yanatakiwa yawe madogo, kwa sababu mtu aliyechoka na mwenye hamu hawezi kubeba makubwa.

Lakini kunywa kulikuwa pia kushirikiana, na hapa wengi hukwama. Mwanaanthropolojia Karla Poewe, aliyefanya utafiti Luapula katika miaka ya 1970, aliona jinsi waumini wa Kisabato na Mashahidi wa Yehova walivyokuwa wakielekeza fedha zao kwenye nyumba zao na biashara zao badala ya kuzigawa kwa ukoo mpana wa upande wa mama. Walipiga hatua, na walilaumiwa. Kujitenga na chombo cha pombe, katika jamii ambamo kugawana ndiko utu, kunaweza kuonekana kama kujitenga na watu. Aliyeacha anapokataa mrija wa katubi msibani, mjomba anaweza kusikia kwamba amekataliwa yeye. Ndiyo maana wanaopona vizuri hutafuta haraka njia nyingine ya kutoa: huleta sukari na mkate, huchota maji, huchimba kaburi, hubaki hadi mwisho kuosha vyombo. Mikono ikiwa na shughuli, hakuna anayeuliza kwa nini kinywa kimefungwa.

Kwa wanawake uzito ni mwingine. Mwanamume mlevi hucheka na wenzake barabarani. Mwanamke mlevi hunywa jikoni akiwa amefunga mlango, na akitaka kuacha hana mtu wa kumwambia bila kuhofia jina lake na watoto wake. Kikundi cha kupona kinachokutana jioni uwanjani, mbele ya macho ya wote, hakitampata. Kliniki ya mama na mtoto ingempata.

Ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaweza kuifanya kazi hii umepatikana Zambia yenyewe. Huko Lusaka, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizihusisha familia 248 ambamo mume alikunywa kwa hatari na mke alipigwa. Washauri hawakuwa madaktari, bali watu wa mitaani waliofunzwa na kusimamiwa, wakitumia tiba ya mazungumzo iitwayo CETA. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema: baada ya mwaka mmoja ukatili na unywaji vilikuwa vimepungua zaidi katika familia zilizopata tiba. Kutoka huko fikra hiyo ilifika wilaya ya Nchelenge, katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mapema 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, ambako watafiti walijaribu kuunganisha upimaji wa unywaji, mazungumzo mafupi na rufaa ya matibabu. Katika makazi hayo Kiswahili husikika pamoja na Kibemba, na saa tupu zina uzito wa pekee. Mtu aliyekuwa na shamba, duka na ndugu Pweto, leo ana kipande cha ardhi na kumbukumbu asizozitaka. Kumwambia aache pombe bila kumwuliza usiku anaota nini ni kumpa nusu ya msaada.

Kuna ukuaji ambao huonekana baadaye, na ndio ulio mgumu kuueleza. Mtu aliyeanza kunywa akiwa na miaka 16 na kuacha akiwa na 40 anagundua kwamba mambo mengi hakuwahi kuyafanya akiwa na akili timamu. Hajawahi kumzika mzazi bila pombe. Hajawahi kugombana na mkewe kisha akabaki chumbani mpaka ugomvi ukaisha. Hajui kwamba kuchoka kwa kukosa la kufanya ni hisia inayopita yenyewe baada ya muda, kwa kuwa hakuwahi kuiacha ipite. Anajifunza hayo akiwa na mvi, mbele ya watoto wanaomtazama kwa mashaka, na mashaka yao ni halali. Imani ya jamaa hurudi polepole kuliko afya. Hurudi siku nahodha anapomwachia injini usiku kucha, siku mnunuzi anapompa fedha za kugawia wenzake na hesabu ikatimia, siku binti anapomwomba aje shuleni.

Na wengi huteleza njiani. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyeandika sana juu ya kurudia ulevi katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba glasi ya kwanza si lazima iwe mwisho wa safari. Kinachomaliza watu mara nyingi ni aibu inayofuata, ile sauti isemayo kwamba maadamu umeharibu, endelea. Kinachosaidia ni kuhesabu kilichotokea: ilikuwa saa ngapi, na nani, fedha zilitoka wapi, hasira gani ilitangulia. Nyumba inayoweza kuuliza maswali hayo bila matusi inampa mtu nafasi ya kurudi kesho yake. Inayomfukuza humrudisha kwa walewale wasiomwuliza chochote.

Kalenda ya Zambia inatoa fursa ambayo mahali pengine ingebidi itengenezwe. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na Mweru imo. Ni miezi mitatu ya fedha chache, mvua na kazi za shamba. Ni muda mrefu kuliko zile siku 66 za wastani. Na kwa wengi ni kipindi cha kukata tamaa na kunywa kwa mkopo. Kingeweza kuwa kipindi cha kuanza. Zahanati zingepima unywaji mwezi Novemba, kabla nyavu hazijatundikwa, na kuwatambua wanaohitaji kulazwa wakiacha. Kamati za mialo, makanisa na vikundi vya kuweka na kukopa vingepanga kazi za pamoja za Desemba na Januari, shambani na kwenye ukarabati wa vyombo, na kumpa kila anayeacha mtu mmoja wa kutembea naye. Na kazi kubwa zaidi ingefanywa katika juma la mwisho la Februari, wakati kila mmoja wao, pamoja na mwenzake huyo, angekaa na kupanga siku zake za kwanza za Machi: nani atapokea malipo ya mavuno ya kwanza, atarudi nyumbani kwa njia ipi, na mwezi ukipevuka alasiri ile ataitumia wapi.